Karantini: Deni la Aliyefunga Lango

Mtajie mkazi wa Nairobi neno karantini, atakumbuka mwaka 2020: barakoa, kafyu, na wasafiri waliozuiliwa katika mabweni ya vyuo wakihesabu siku. Mtajie mfugaji wa Mutomo neno lilo hilo, atakuuliza ni soko lipi limefungwa. Katika Kitui Kusini, kutoka Ikanga hadi Ikutha na kuteremka Mutha kuelekea mpaka wa Tana River, mvua haina ahadi, na mbuzi ndiye anayelipa karo, bili ya hospitali na gunia la mahindi. Karantini ya mifugo ikitangazwa, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri.

Neno hili limechukiwa Ukambani tangu enzi za ukoloni, na waliolichukia walikuwa na sababu. Limeokoa pia mifugo na watu pale ambapo hapakuwa na dawa wala chanjo. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja. Ninavyoona mimi, karantini ni mapatano yenye pande mbili. Anayefungiwa anatoa uhuru wake kwa muda. Anayefunga naye anabeba deni: ataje ugonjwa, ahesabu siku, na ahakikishe aliye ndani hafi njaa. Historia ya neno, kuanzia bandari za Ulaya hadi masoko ya mbuzi ya Kitui, ni historia ya deni hilo kulipwa au kukwepwa.

Asili yake ni hesabu. Kwa Kiitaliano quaranta ni arobaini. Mwezi wa Julai 1377, baraza kuu la mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, liliamuru kwamba yeyote anayetoka sehemu yenye tauni asiingie mjini kabla ya kukaa mwezi mmoja kwenye kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji jirani wa Cavtat. Miaka thelathini nyuma tauni ilikuwa imefyeka sehemu kubwa ya watu wa Ulaya, na hofu ilikuwa bado mbichi. Lakini Ragusa uliishi kwa biashara ya bahari. Kufunga bandari moja kwa moja kungeleta njaa badala ya tauni. Huo ulikuwa uamuzi wa watu waliojua kupiga hesabu za faida na hasara. Msafiri hakufukuzwa wala kuchomewa meli yake. Aliambiwa asubiri, na aliambiwa kwa muda gani. Venice ilifungua mwaka 1423 hospitali ya kudumu ya wagonjwa wa tauni kisiwani, na mwaka 1468 ikatenga kisiwa cha pili kwa ajili ya watu na shehena zilizoshukiwa. Zile siku thelathini zikaongezwa zikafika arobaini, na neno quarantena likashika.

Kwa nini arobaini? Madaktari waliofuata mafundisho ya Hippocrates waliamini kwamba ugonjwa mkali hujidhihirisha ndani ya muda huo. Dini nayo ilikuwa na neno lake: Musa alikaa mlimani siku arobaini, na Yesu alifunga jangwani siku arobaini. Kwaresima, neno tulilolipokea kutoka kwa Wareno, limetoka katika mzizi uleule wa Kilatini, kwa hiyo ni ndugu wa damu wa karantini. Sisi wenyewe hatuhitaji kufundishwa uzito wa namba hii. Mzazi na mtoto mchanga hukaa ndani mpaka arobaini itimie, marehemu husomewa arobaini, na siku za mwizi ni arobaini. Kotekote namba hiyo ina mwisho, na aliye ndani anaujua.

Waingereza walikuwa na arobaini yao katika sheria hata kabla ya ile tauni kuu. Magna Carta ya 1215 iliagiza kwamba mjane abaki katika nyumba ya mumewe siku 40 baada ya kifo, na ndani ya siku hizo apewe fungu lake la mali. Wanasheria waliiita haki hiyo karantini ya mjane. Haikuwa adhabu. Ilikuwa ngao dhidi ya shemeji mwenye haraka ya kumtoa nje kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nadhani maana hii iliyosahaulika ndiyo inayofaa kukumbukwa zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba tangu zamani neno lilibeba ulinzi wa aliye ndani pamoja na mipaka yake.

Waislamu wa Pwani wana msingi wa kale zaidi. Mtume Muhammad aliagiza kwamba mkisikia tauni imeingia nchi fulani msiiendee, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia. Yapata mwaka 639, Khalifa Umar akiwa njiani kwenda Sham alipewa habari za tauni ya Amwas alipofika Sargh. Masahaba walibishana mbele yake, naye akaamua kurudi Madina na msafara wake.

Baadaye wanasiasa walilichukua neno na kulivisha nguo nyingine. Mwaka 1937, Rais Franklin Roosevelt akihutubia Chicago alitaka mataifa yanayoanzisha vita yawekwe karantini kama wagonjwa. Tarehe 22 Oktoba 1962, Rais John Kennedy alipotuma manowari kuzuia silaha za Urusi zisifike Cuba, aliita hatua hiyo karantini, kwa kuwa kuzingira nchi nyingine kwa manowari ni kitendo cha vita katika sheria ya kimataifa. Neno la daktari likawa pazia la jeshi. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa maana Ukambani lilitokea kabla ya Roosevelt wala Kennedy kulifikiria.

Pwani yetu ilikutana na karantini kwa njia ya meli. Kisiwa cha Changuu, kinachoonekana kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, kilinunuliwa mwaka 1893 na Lloyd Mathews, waziri Mwingereza wa serikali ya Sultani, akikusudia kujenga gereza. Majengo yakaishia kuwa kituo cha kuzuilia abiria wa meli walioshukiwa kuwa na magonjwa ya kuambukiza. Mahujaji waliopanda kuelekea Jedda kutoka upande wa kusini nao waliijua Kamaran, kisiwa cha Bahari ya Shamu ambako serikali ya Uthmaniya ilifungua kituo cha karantini mwaka 1882. Huko angalau palikuwa na siku za kuhesabu.

Bara mambo yalichukua sura nyingine. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi la Nairobi, mji ambao haukuwa na hata miaka mitano, na daktari wa serikali akaamuru soko lote lichomwe moto. Miaka kumi na moja baadaye aliletwa mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa William Simpson, ambaye ripoti yake ilipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kimakazi kwa sababu za usafi. Ugonjwa uliokuwa na majuma yake machache ya hatari ukageuzwa hoja ya ramani ya kudumu. Anayezunguka Nairobi leo bado anaisoma ramani hiyo katika upana wa barabara na ukubwa wa viwanja.

Ng'ombe wasiouzika

Ili kuielewa chuki ya Ukambani ni lazima kuanza na sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Afrika kupitia upande wa Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, ukafika nchi yetu kwenye 1890 na 1891, na pale ulipopita ulibakisha mifupa. Kisha ikafuata njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, mwishoni mwa karne, pamoja na ndui. Serikali ya Waingereza ilijijenga juu ya jamii iliyokuwa bado inajiokota.

Wakamba hawakuwa watu wa kukaa mahali pamoja na kuvizia mvua. Kitui ilikuwa kitovu cha misafara ya biashara iliyofika Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Katika ufugaji walikuwa na kyengo, boma la malisho la mbali ambako vijana walihamia na ng'ombe, wakiacha familia na mashamba ya vilimani. Kyengo ilifanya kazi nyingi kwa pamoja. Ilitafuta nyasi, ilifungua nchi mpya ya kukaa, na iligawanya mifugo ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Ng'ombe wa mtu mmoja walikaa kwa ndugu na marafiki waliotawanyika. Kutengana kwa hiari kwa namna hiyo ni kinga ya ugonjwa, hata kama hakuna aliyeiandika kwenye gazeti rasmi la serikali.

Utawala wa kikoloni ulifunga pande zote mbili, malisho na soko. Uwanda wa Yatta na ardhi nyingine iliyotumiwa na Wakamba ilitangazwa kuwa mali ya Taji la Uingereza, na kuchungia huko kukawa ni kwa kibali. Idara ya mifugo nayo iliziweka wilaya za Waafrika chini ya karantini mara kwa mara, na kwa vipindi virefu, kwa sababu ya sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe. Magonjwa yalikuwepo kweli. Ni dhuluma kwa madaktari wa mifugo wa wakati ule kudai waliyabuni. Lakini walowezi waliokuwa wameleta ng'ombe wa kigeni walikuwa na maslahi mawili kwa wakati mmoja: mifugo yao isiambukizwe, na soko lao lisishindaniwe na ng'ombe wa bei nafuu wa Mkamba, Mmaasai au Msamburu. Karantini iliyatimiza yote mawili kwa saini moja. Ilipokuwa inafika wakati wa kuiondoa, hakukuwa na mwenye nguvu aliyeumizwa na kuchelewa.

Matokeo yake yangeweza kutabiriwa na mtoto anayechunga. Ng'ombe wasioweza kuuzwa wanazaana palepale. Malisho yamepunguzwa, mifugo imeongezeka, udongo unaondoka na maji. Kufikia miaka ya 1930 maofisa walisimama juu ya makorongo ya Machakos wakasema tatizo ni Mkamba anayependa wingi wa ng'ombe. Dawa waliyoamua ni kupunguza mifugo kwa lazima. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kukamatwa na kuuzwa kwa mnada, wakati uleule ambapo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig's huko Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Watu waliozuiwa kuuza kwa bei yao sasa walilazimishwa kuuza kwa bei ya mwingine.

Mwezi wa Julai mwaka huo, Wakamba kwa maelfu, wake kwa waume, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu na chama chao cha Ukamba Members Association. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Serikali ilikuwa na hofu ya ziada: askari wengi wa jeshi na polisi walikuwa Wakamba. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini upunguzaji wa lazima ulisitishwa. Barabara ya katikati ya Nairobi yenye jina lake imejaa leo maduka na benki, na wengi wanaoikanyaga hawajui kwamba aliyepewa jina hilo alifungwa kwa ajili ya ng'ombe.

Mimi naisoma 1938 kama mwisho wa karantini iliyokosa hesabu. Kama masoko yangefunguliwa kila ugonjwa ulipokwisha, wingi wa mifugo uliotumika kama hoja usingekuwepo, au usingefikia kiasi kile.

Siku ambazo ugonjwa unazitaka

Upande wa pili wa mizani haupaswi kufanywa mwepesi. Sotoka haipo tena duniani. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kuwa imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia kung'olewa kabisa baada ya ndui. Sehemu ya ushindi huo ni ya Kenya: chanjo iliyobadilisha vita ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, kilomita chache kutoka Nairobi, na mara ya mwisho ugonjwa huo kuonekana ilikuwa kwa nyati wa Mbuga ya Meru mwaka 2001. Chanjo pekee haikutosha. Ilihitaji mifugo kubaki mahali pake wakati timu zikipita boma kwa boma. Hata shirika la dunia la afya ya wanyama lilizaliwa mwaka 1924 kutokana na sotoka iliyoingia Ubelgiji na ng'ombe waliokuwa wakipitishwa Antwerp kutoka India kwenda Brazil.

Kila ugonjwa una hesabu yake, na hapa ndipo arobaini ya Venice inapoachia nafasi sayansi. Shirika hilo la afya ya wanyama linahesabu siku 14 kuwa muda wa juu wa ugonjwa wa miguu na midomo kujificha mwilini kabla ya dalili. Homa ya mapafu ya ng'ombe inahesabiwa miezi 6, kwa sababu ng'ombe anaweza kuonekana mzima huku akibeba ugonjwa kifuani. Kwa hiyo karantini ya miezi kadhaa si lazima iwe uonevu, na ya wiki mbili si lazima iwe huruma. Mfugaji ana haki ya kuambiwa ni ugonjwa gani, kwa sababu jina la ugonjwa ndilo linalompa hesabu.

Sasa tuitazame inavyofika kijijini. Daktari wa mifugo anapata habari za ng'ombe wanaodondosha mate na kuchechemea. Sampuli zinapelekwa maabara Nairobi. Tangazo linatoka: ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe wasiingie wala kutoka, soko la mifugo lifungwe, vichinjio visimame. Chifu analisoma barazani na nakala inabandikwa mahali pa wazi. Linataja sheria, linataja adhabu, linataja mipaka. Mwishoni, mahali ambapo tarehe ingepaswa kukaa, mara nyingi utakuta maneno haya: hadi tangazo jingine litakapotolewa.

Maneno hayo manne ndiyo yanayoharibu kazi yote. Chukua familia yenye mbuzi kumi na wawili mwezi wa Januari. Mtoto ameitwa shule ya sekondari. Anahitaji sare, godoro, sanduku na karo ya muhula. Mbuzi watatu wangetosha. Soko limefungwa na hakuna anayejua litafunguliwa lini, kwa hiyo haiwezekani hata kumwendea mwalimu mkuu na kuomba muda, maana ataulizwa: mpaka lini? Jioni dalali anapiga simu. Anajua shida iliyopo na anataja bei ya shida. Usiku pikipiki inakuja, mbuzi wanafungwa miguu na kupakiwa nyuma, na kabla ya alfajiri wameshafika barabara kuu ya Kibwezi. Hawana kibali, hawajapimwa, hakuna anayejua watashushwa wapi. Kama walikuwa na ugonjwa, umesafiri gizani mbali zaidi kuliko ambavyo ungesafiri mchana kupitia soko lenye daktari langoni.

Karantini isiyo na tarehe wala msaada inazalisha hasa kile inachokusudia kuzuia. Hili si suala la tabia mbaya ya wafugaji. Kijiji cha Eyam nchini Uingereza kinasifiwa kwa kujifungia chenyewe wakati wa tauni ya 1665 na 1666, na watu wake wanastahili sifa. Lakini chakula kililetwa mpakani na kuachwa juu ya jiwe, na malipo yaliachwa katika siki ili sarafu zisiambukize. Tajiri wa eneo hilo alihakikisha hawafi njaa. Waliweza kubaki ndani kwa sababu kulikuwa na mtu nje aliyekumbuka wanakula.

Makueni, jirani yetu wa magharibi, inatoa mfano wa tunda badala ya mnyama. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na akaingia kwenye maembe kwa kasi. Shehena zikawa zinakataliwa Ulaya. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika Umoja wa Ulaya kabla ya kufungiwa na wengine. Ilichukua hadi 2021 soko hilo kufunguliwa tena. Miaka saba ni mingi kwa mkulima mwenye miti iliyokomaa, na wengi waliuza kwa madalali shambani kwa bei ya kusikitisha. Hata hivyo kuna tofauti ambayo ni ya maana. Katika miaka hiyo kulikuwa na kazi iliyojulikana: mitego ya nzi, usafi wa shamba, kuzika matunda yaliyoanguka, maeneo ya kuthibitishwa kuwa hayana nzi. Kaunti ya Makueni nayo ilijenga kiwanda cha kusindika maembe Kalamba, ili tunda lisiloweza kuvuka bahari lipate mnunuzi nyumbani. Mkulima alipata mahali pa kupeleka sehemu ya mavuno yake na orodha ya mambo ya kufanya ili lango lifunguliwe. Mfugaji wa Mutomo hana kiwanda chake wala orodha yake.

Halafu ukaja 2020. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi kwisha waliotoka ng'ambo walipelekwa karantini ya lazima katika hoteli, shule na vyuo, kwa gharama yao. Siku 14 zilitajwa. Kisha baadhi ya watu waliongezewa siku 14 nyingine kwa kuwa mwenzao mmoja katika jengo alipatikana na virusi, na bili ikapanda. Wapo waliokutwa hawana ugonjwa na bado hawakuruhusiwa kutoka kwa kukosa pesa za kulipia kitanda walicholazimishwa kulala. Mwezi wa Aprili watu walionekana wakiruka ukuta wa kituo kimoja Nairobi. Zaidi ya hayo, serikali ilitangaza kwamba wanaovunja kafyu watapelekwa karantini, na kwa tangazo hilo ikamwambia kila Mkenya kwamba mahali pa matibabu ni mahali pa adhabu. Mtu mwenye homa akisikia hivyo anajificha. Mwezi wa Mei serikali ilikubali kubeba gharama katika vituo vyake. Ulikuwa uamuzi sahihi, na ulichelewa.

Nimekisoma kipindi hicho mara nyingi pamoja na habari za mifugo, na ninachokiona ni kwamba watu wa mijini walionja kwa miezi kile ambacho wafugaji wamekijua kwa vizazi vitatu. Ningetamani kumbukumbu hiyo iwafanye wabunge na wawakilishi wa wadi kuisoma upya sheria ya magonjwa ya wanyama, ambayo msingi wake ni wa fikra za zamani: mamlaka mapana kwa anayefunga, maneno machache kuhusu anayefungiwa. Fidia inafikiriwa kwa mnyama aliyeuawa kwa amri. Soko lililofungwa miezi mitatu halina fungu lake.

Katiba ya 2010 imetoa nyenzo. Ibara ya 39 inalinda uhuru wa kwenda utakako, na ya 24 inakubali haki zipunguzwe pale tu ambapo sheria inaruhusu, sababu ina uzito, na hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa na uamuzi wa utawala. Huduma za mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama na mimea vimegatuliwa, kwa hiyo ofisi yenye jukumu haiko mbali Nairobi. Iko Kitui mjini, ambako lami ya barabara ya Kibwezi sasa inamfikisha mtu wa Mutomo na kumrudisha siku moja.

Sheria za biashara ya kimataifa zinadai vivyo hivyo. Mkataba wa hatua za afya za mimea na wanyama wa 1995 unazitaka nchi ziweke vizuizi kwa ushahidi wa kisayansi na zisizuie biashara kuliko inavyohitajika. Kenya huutegemea mkataba huo inapodai haki kwa maua na maembe yake. Ni vigumu kuelewa kwa nini mfugaji wa Ikutha apewe na serikali yake haki pungufu kuliko zile ambazo serikali hiyo inadai kwa niaba ya msafirishaji wa maua.

Ninachopendekeza si kigumu. Kila tangazo litaje ugonjwa kwa jina na tarehe ya kupitiwa upya, hata kama kwenye tarehe hiyo karantini itaongezwa. Mbuzi wasioonyesha dalili kutoka maboma yaliyokaguliwa waruhusiwe kwenda moja kwa moja kichinjioni, kwa kibali, katika lori lililofungwa, wachinjwe siku hiyohiyo. Kwa magonjwa mengi hatari iko katika mnyama hai anayehama kutoka zizi hadi zizi. Mnunuzi awe kichinjio cha kaunti, kwa bei iliyotangazwa barazani, ili dalali wa usiku asiwe ndiye pekee mwenye pesa. Mfuko wa basari wa kaunti uwe na kifungu cha karantini, ili barua ya chifu imtoshe mwalimu mkuu kumpokea mtoto hadi soko lifunguliwe. Karantini itagharimu zaidi, naam. Hata sasa inagharimu, ila anayelipa ni mwenye mbuzi kumi na wawili.

Linabaki suala la mpaka wa mashariki, na ndilo gumu kuliko yote. Kiangazi kikikaza, ngamia na ng'ombe kutoka Tana River na Garissa huingia Mutha na Hifadhi ya Kitui Kusini kutafuta malisho. Wenyeji husema, kwa haki, kwamba wao wamefungiwa mbuzi wao watano huku mamia ya mifugo yakivuka mbele ya macho yao bila kukaguliwa. Damu imemwagika huko, na sitaki kuifanya ionekane ndogo. Lakini mfugaji wa upande ule naye ametoka katika nchi iliyofungwa kwa sheria tangu 1902, kwanza kama wilaya za mbali na kisha, kuanzia 1934, kama wilaya maalumu ambazo mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Mifugo yake iliwekwa karantini kwa muda mrefu kuliko ya Mkamba. Pande zote mbili zimejifunza kuliona tangazo la serikali kama jambo la kukwepwa. Kazi ya kwanza ya kuaminika ingekuwa chanjo ya pamoja ya kaunti hizo tatu kabla ya kiangazi, mwezi mmoja, kwa timu mchanganyiko zinazojua Kikamba, Kiorma na Kisomali, zikianzia kwenye visima ambavyo kila mtu anajua mifugo itakunywa.